Maswali ya Jopo

Ofisi ya wanafunzi wa uzamivu ilikuwa na meza nne, na tatu zilikuwa tupu tangu wenzake wamalize masomo wakaenda zao. Mtafiti wa fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, alibaki peke yake na mitungi yake ya nafaka. Kesho yake angesimama mbele ya jopo la wahadhiri kwa mara ya kwanza, aeleze kazi yake imefika wapi.

Alipanga viti vitatu, akavisalimia kwa heshima, akaanza mazoezi. Sauti ikatoka imekauka. Ndipo alipogundua kwamba tangu Ijumaa hajazungumza na mtu.

Akampigia kaka yake, fundi wa magari.

"Kaka, nisikilize kidogo tu."

"Haya, mdogo wangu, mwaga sera."

Akaeleza, huku nyundo zikigonga upande wa pili.

"Hao wadudu wako wanakula vizuri kuliko wewe," kaka akamtania. "Ngoja, mteja kafika."

Simu ikakatika kabla hajafika kwenye matokeo.

Asubuhi jopo lilimhoji, akajibu bila kubabaika. Mwenyekiti akatabasamu: "Umepita, mama. Endelea na kazi."

Wakaanza kukusanya karatasi zao. Yeye, aliyekosa usingizi kwa kuogopa maswali, akainua mkono.

"Samahani. Mnaonaje kuhusu joto la ghala?"

Jibu alikuwa nalo. Wakaketi tena, wakaanza kubishana, naye akavuta kiti chake karibu.