Wiki ya Mizani

Machale yalinicheza mapema. Mimi ni mpishi wa shule, na jikoni kwangu hakipiti kitu nisikione. Kila mwezi, siku chache kabla muuguzi hajaja na mizani yake, binti mmoja wa darasa la tatu huanza kuumwa tumbo. Wenzake humwita Sindano, na kweli, akisimama ubavu unaweza usimwone. Sahani yake ya wali na maharage hurudi nusu. Mizani ikishaondoka, tumbo linapona, anakomba mpaka ukoko.

Utaratibu ni huu: mtoto mwenye uzito chini ya alama nyekundu hupewa mfuko wa unga wa kupeleka nyumbani. Akivuka alama, mfuko unakatwa. Mama yake Sindano, mfua nguo wa mtaa wa nyuma, siku ya mizani hufika getini kabla ya wote na kusalimia kila mtu kwa adabu iliyopitiliza. Adabu ya namna hiyo siiamini.

"Yule mama anauza ule unga," nilimwambia msaidizi wangu. "Anamkondesha mwanawe makusudi. Mimi sikuzaliwa jana."

Mwezi huo nikaamua kumkomesha. Wiki ya mizani nilivuta kigoda, nikaketi mbele ya Sindano na sahani iliyojaa pomoni.

"Tumbo linaniuma, shangazi."

"Litapona kwa chakula. Usipomaliza, hutoki hapa."

Alimaliza, siku tano mfululizo, akinitazama kama niliyemnyang'anya kitu. Nami nilijiona shujaa.

Ijumaa muuguzi alisoma mizani akapiga makofi. "Hongera! Umevuka!" Akalikata jina lake daftarini. Nikamgeukia mama mtu, nimejaa maneno, nikitegemea kuona sura ya mwizi aliyefumaniwa.

"Hata nusu mfuko?" alimwuliza muuguzi, taratibu.

"Utaratibu hauruhusu, mama."

Akaondoka mikono mitupu. Ndipo nilipomvuta Sindano nyuma ya jiko.

"Ule unga mnauza?"

"Hatuuzi. Tunaupika. Wanakula wadogo zangu watatu, na baba na mama. Baba aliachishwa kazi kiwandani." Alijifuta pua kwa mkono wa sare. "Mimi nakula hapa shuleni. Nilimwahidi mama sitavuka."

Nilimkimbilia muuguzi, nikamsihi, nikamwambia kosa ni langu. Alikuwa amekwisha kufunga daftari. Mpaka mwezi ujao, alisema, na mtoto awe ameshuka.

Jumatatu Sindano alisimama kwenye foleni kama kawaida. Alisogeza sahani yake dirishani, akaninong'oneza kwa sauti ya mtu mzima:

"Shangazi, usinijazie. Tafadhali."

Nyuma yake watoto walikuwa wanasukumana. Nilishika upawa, chozi likinilenga, na kwa mkono wangu mwenyewe nikampakulia nusu.