Pamba Mkononi mwa Balozi

Mtaa mzima hapakuwa na mtu wa kumdanganya Bi Mito. Ukimtoa fundi wa paa, muuza redio, na marehemu mumewe, aliyemdanganya tangu siku ya posa hadi siku ya kuzikwa, hakuna kabisa.

Sasa alikuwa na mkwe. Mume huyu wa binti yake alijiita Balozi wa Mema Madogo, cheo alichojipa mwenyewe mbele ya kioo, na shughuli yake ilikuwa kufundisha watu kuitengeneza dunia kwa vitu vidogo vidogo. Funga bomba linalovuja. Msalimie jirani. Okota taka hata kama si zako. Aliyasema hayo akijirekodi kwa simu, bomba la Bi Mito likitiririka nyuma yake, na jirani akipita na kumwamkia, asiitikie asije akaharibu video. Taka aliokota kweli: aliokota moja, akajipiga picha nayo, akairudisha palepale, ili na wengine wapate nafasi ya kutenda wema.

Bi Mito alimvumilia kama kokoto ndani ya kiatu. Lakini siku hiyo binti yake alikuwa amelazwa, ana uvimbe tumboni, wa kupasuliwa kesho yake asubuhi. Hospitali ilitaka ndugu mmoja achangie damu. Akikosekana, zamu apewe mgonjwa mwingine, na binti arudi mwisho wa foleni na uvimbe wake. Bi Mito alikuwa wa kwanza kwenda, mkono wa gauni ameshaukunja. Muuguzi akamwambia kwa adabu kwamba umri umempita. Ikabaki kwa mume.

Balozi alirudi mchana, mkono kaushikilia kama kitu cha kuazima. Kwenye kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na donge la pamba lililobanwa kwa plasta. Akajitupa kwenye kochi, akavuta mto, akaagiza wa pili. Akasimulia jinsi sindano ilivyokuwa nene, wauguzi walivyompigia makofi, na daktari alivyokiri kwamba damu ya namna ile haipatikani hivi hivi. Na Bi Mito, masikini, akaamini. Alimkaangia maini yote yaliyokuwemo ndani. Akamwita baba. Akaenda mwenyewe kulifunga lile bomba, maana shujaa alilalamika kwamba linampigia kelele.

Aliposhiba akawasha simu, akainua mkono ili dunia imwone. Akaanza kueleza kwamba wema hauhitaji mali, unahitaji moyo. Plasta, iliyokwisha lowa jasho na mafuta ya maini, ikaachia. Pamba ikadondoka mapajani mwa Bi Mito.

Aliiokota kwa nia njema kabisa, amrudishie. Ilikuwa laini mno, ya manjano kidogo, inateleza vidoleni. Katikati yake palikuwa na mbegu nyeusi.

Bi Mito hakuwa na haraka. Aliutazama mto ulio chini ya kichwa cha mkwewe, mto wa sufi, ile pamba ya mti wa msufi, alioujaza kwa mikono yake mwenyewe. Mshono ulikuwa umefumuliwa pembeni, nafasi ya kupita kidole.

"Baba," akasema, "hii ni nini?"

"Pamba ya hospitali, mama."

"Ina mbegu."

Balozi akaitazama mbegu. Simu ilikuwa bado inarekodi.

"Siku hizi," akasema, "wanatumia za asili."

Bi Mito akauvuta ule mkono, akaukunjua, akapitisha kidole gumba kiwikoni, taratibu, kama anayekagua kitambaa dukani. Hapakuwa hata na alama ya mbu.

"Na sindano nayo ilikuwa ya asili?"

"Labda ilikuwa kwenye huu mwingine," Balozi akasema, akimnyooshea mkono wa kulia.

Bi Mito hakuutazama. Alikuwa ameshainama kumtafutia viatu. Chumba cha damu kilikuwa hakijafungwa, na safari hii alikwenda naye, akiwa ameushika mkono wowote aliouwahi.