Kidogo Tu kwa Mama Mkwe

Lori liliitwa Mama Mkwe kwa sababu hakuna aliyethubutu kubishana nalo barabarani. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye bampa la mbele, na Shangazi ndiye aliyeliandika, enzi zile alipokuwa akiliendesha mwenyewe, kabla goti halijamgomea kukanyaga klachi. Kokoto zilizojenga shule ya jirani zilipanda mgongoni mwa Mama Mkwe. Za zahanati pia. Lakini siku hizi, kila alipofika mlima wa machimbo alihema kama mgonjwa wa pumu, akashuka gia baada ya gia, mpaka waenda kwa miguu wakampita na kumpa pole.

Dereva alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi. Watu walimwita Taratibu. Jina hilo alilipata mlimani, wala si kwa tabia yake.

Asubuhi moja Shangazi aliingia karakana akiwa na mgeni aliyevaa kofia ya pikipiki kichwani na kubeba futi ya kupimia mkononi.

"Huyu bwana anafuga kuku," alisema. "Anataka kumnunua Mama Mkwe."

"Awe anabeba mayai?" Taratibu aliuliza.

"Hapana, kaka," mfuga kuku alijibu kwa upole, huku akipima bodi. "Injini nitaing'oa. Hapa nyuma nikiweka wavu napata banda safi kabisa. Na pale mbele unapokaa wewe nitaweka vifaranga. Panaonekana pana joto zuri."

Taratibu alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba bibi yake atageuzwa stuli. Alimtazama Shangazi. Shangazi alitazama paa. Wiki iliyopita, lori lilipokwama na kuziba njia, aligomba mbele ya kadamnasi kwamba safari hii anauza, na Shangazi hakuwa mtu wa kula matapishi yake.

"Sikilizeni," alisema. "Kesho asubuhi atapanda mlima na mzigo kamili. Akifika juu bila kusimama, anabaki. Akisimama, anaenda kwa kuku. Na nataka nimwone alivyo, bila vipodozi! Nikisikia mtu kagusa hata skrubu, namuuza papo hapo."

Alipoondoka, fundi wa karakana alitoka chini ya gari alikokuwa amejilaza akisikiliza. Alikuwa mume wa dada yake Taratibu, na mashemeji hawa walitaniana mpaka wateja wageni wakadhani wanagombana.

"Mashine haina pumzi, shemeji," alisema fundi.

"Kama wewe siku ulipokuja kuposa."

"Mimi niliishiwa pumzi kwa kukuona wewe. Nikajiuliza, na huyu naye nitamlisha?" Fundi alifunua boneti, akagonga turbo kwa kidole. "Unaona hii? Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni humu ndani, na feni inasukuma hewa kwenye injini. Hewa nyingi, nguvu nyingi. Presha ikizidi, kile kimlango pale kinafunguka, moshi mwingine unapita pembeni, feni inapunguza kasi."

"Na kile kifimbo?"

"Ndicho kinachovuta kimlango. Ukikifupisha kidogo kwa ile nati, kimlango kinachelewa kufunguka. Presha inapanda." Fundi alikohoa. "Nakueleza tu. Tumekatazwa."

"Mimi siigusi."

"Hata mimi."

Wakaangaliana kama paka wawili waliokubaliana kutogusa samaki.

Fundi alipokwenda kunawa mikono ale, Taratibu alichukua spana. Hakuwa mwongo, na tangu utotoni Shangazi alimfundisha kwamba kitu kilichokutumikia unakitetea. Basi alikuwa anatetea. Akafupisha kifimbo kidogo tu, akakaza nati, akarudisha spana kwenye boksi.

Taratibu alipoondoka kwenda kupakia maji ya kunywa ya safari, fundi alirudi, akatazama kushoto, akatazama kulia. Alimpenda Mama Mkwe. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa humo ndani, njiani kuelekea zahanati, kabla lori halijaanza kuhema. "Kidogo tu," alinong'ona. Akafupisha kidogo. Spana akaiacha juu ya tairi.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Shangazi alikuja na ndoo ya kumwagilia maua. Karakana haikuwa na ua hata moja.

Asubuhi yake walikaa watatu mbele: Taratibu kwenye usukani, Shangazi katikati na mkoba wake mapajani, fundi dirishani. Nyuma yao, kokoto hadi ukingoni. Nyuma ya kokoto, mfuga kuku kwenye pikipiki yake, na futi imechungulia mfukoni.

Mlima ulipoanza, Taratibu alikanyaga mafuta. Turbo ikapiga mluzi ambao haukuwa umesikika kwa miaka. Sindano ya saa ya presha, iliyozoea kulala chini kama mtu wa Jumapili, iliinuka.

Taratibu akatabasamu upande wa kulia. Fundi akatabasamu dirishani. Shangazi akatabasamu ndani ya mtandio. Kila mmoja alidhani anatabasamu peke yake.

"Leo ameamka vizuri," alisema Shangazi.

"Ni hali ya hewa," alisema fundi.

Wakampita mwenye baiskeli. Wakampita mwenye mkokoteni wa punda, jambo ambalo Mama Mkwe hakuwa amelifanya tangu azeeke. Mluzi ukawa ukelele. Sindano ikapita katikati, ikaendelea kwenda, na matabasamu matatu yakaanza kukauka.

"Shemeji," alisema fundi polepole, "hiyo presha umeiona?"

"Naiona. Ni hali ya hewa, si ulisema?"

"Punguza mafuta."

"Nikipunguza atasimama!"

"Mwanangu, punguza!" alisema Shangazi. Wakati huohuo, chini ya boneti, kitu kikalia *PUU!*

Mluzi ukakatika. Moshi mweusi ukatanda nyuma, lori likalegea, na Taratibu akavuta breki ya mkono. Fundi aliruka chini, akaweka mawe nyuma ya matairi. Mama Mkwe alikuwa amesimama. Juu ya mlima palionekana kwa karibu kabisa.

Mfuga kuku alitokea ndani ya moshi akipangusa macho. "Amesimama," alisema, kwa huzuni ya kweli. Kisha akatoa futi.

"Subiri kwanza, ndugu yangu," Taratibu alisema. Machozi yalimlengalenga, lakini alisimama wima. "Shangazi, ni mimi. Nilifupisha kifimbo. Kidogo tu. Usimlaumu shemeji."

"Wewe?" Fundi aligeuka kama aliyeibiwa. "Mimi ndiye niliyefupisha! Kidogo tu!"

"Mabaradhuli!" Shangazi alifoka. "Mnanidanganya mimi? Niliyewalea? Mnageuza maneno yangu makapi?" Akafungua mkoba kutoa leso ya kujifutia jasho, na leso ikatoka na spana. Spana ikaanguka kwenye jiwe. *Ngwaa.*

Macho yote yakaifuata spana.

"Ya kufungulia soda," alisema Shangazi.

"Shangazi," alisema fundi, "hiyo spana nimeitafuta tangu alfajiri."

"Kidogo tu," alikiri yeye, akitazama mlima. "Kuku watatu kwenye kiti changu ningevumilia. Lakini vifaranga wanakinyea."

Mfuga kuku alicheka hadi kofia ikamteremka machoni. Alicheka akaishia kukaa kwenye bampa, juu kabisa ya jina. Fundi, ambaye aibu ilimrudisha kazini, alikuwa tayari ameinama kwenye injini na kitambaa mkononi. Bomba la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye turbo lilikuwa limechomoka. Akaligeuza kwenye mwanga. Kisha akaita kwa sauti nyingine kabisa.

"Njooni muone."

Mwisho wa bomba, palipofichwa na mkanda wa chuma na tope, palikuwa na mpasuko mrefu. Kingo zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta na vumbi la zamani. Haukuwa wa leo.

"Hewa ilikuwa ikivujia hapa siku zote," alisema fundi. "Presha ilikuwepo. Haikufika tu. Sisi tulikuwa tunapuliza puto lililotoboka, tena tunapokezana."

"Kwa hiyo hakuwa mzee?" Taratibu aliuliza.

"Mzee ni mzee. Ila hakuwa mchovu."

Walimgeukia mfuga kuku. Alikuwa amekunja futi yake.

"Mama, ulisema apande alivyo," alisema. "Hivi ndivyo alivyo? Mmemkoroga watatu! Mtihani huu siuhesabu. Kila mtu arudishe kidogo chake, bomba lifungwe, apande tena. Akisimama, namchukua. Mimi si mwizi wa bibi za watu."

Injini ilipopoa, fundi alikata kipande kilichopasuka. Bomba lililobaki lilitosha, kwa kuvutwa kidogo, na akalikaza vizuri. Kisha wakapanga foleni mbele ya turbo, mmoja mmoja, kila mtu na spana ileile, kila mtu akirudisha chake. Shangazi alikuwa wa mwisho, na fundi alimsimamia.

Mama Mkwe aliondoka palepale mlimani aliposimama, na mzigo wake wote. Hakupiga ukelele. Sindano ilipanda, ikafika mahali pake, ikatulia. Akala mlima gia moja, bila papara, na alipofika juu Taratibu alipiga honi ndefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mfuga kuku hakupata banda. Alipata usafiri wa mbao za kujengea banda lingine, na akaja kupanda mbele kwa dereva, akikiri kwamba kweli pana joto zuri.

Shangazi alitoa kichupa cha rangi ya kucha mkobani. Fundi akapaka mstari mwekundu juu ya nati ya kifimbo, ili mtu akiigusa ionekane. "Sasa ana kipodozi kimoja," alisema Shangazi. "Na kinatosha."

Siku chache baadaye Taratibu alimkuta ameinamia boneti iliyofunuliwa.

"Shikamoo, Shangazi. Kulikoni?"

"Marahaba. Namwangalia tu."

"Kwa spana?"

"Macho yangu yamezeeka, mwanangu. Nikiishika naona vizuri zaidi."