Mpinzani Namba Saba

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, mpiga pasi wa duka la dobi lililotazamana na benki alikuwa amefika kwenye kola ya shati lake la nne. Lilikuwa shati jeupe la pamba, la aina ile inayojikunja upya ukigeuza tu mgongo. Alinyunyiza maji, akaibana kola kwa vidole viwili, na hapo akahisi mkono wake wa kulia unataka kwenda juu. Aliwahi kuisimamisha pasi kwa kitako. Kisha mkono wa kushoto ukarusha kitu kisichokuwepo kuelekea darini, mgongo ukapinda, miguu yote miwili ikaachana na sakafu, na mkono wa kulia ukashuka na kukichapa kitu hicho kwa kishindo cha upepo kilichopeperusha vitambaa vya meza vilivyokwisha kukunjwa.

Alitua. Akachukua pasi, akamalizia kola.

"Kama ni kujinyoosha," alisema mkunjaji, ambaye meza yake ilikuwa nyuma, "jinyooshee kule kwenye mapazia. Hivi vitambaa nilishavimaliza."

"Nisamehe, shoga yangu."

Pale dukani walimwita Mama Mvuke, maana kutwa kichwa chake kilikuwa ndani ya wingu la pasi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na goti bovu la kushoto. Ngazi nane za kuingilia dukani alizipanda kwa kushika ukuta, moja baada ya nyingine, huku akilitukana goti kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie. Kuruka kwenyewe hakukumtia wasiwasi. Aliloliwaza kutwa nzima ni kwamba alitua kwa goti hilohilo na halikulia.

Kufikia adhuhuri alikuwa ameruka mara kumi na moja, amekimbia ubavu ubavu mara tatu, na mara moja ameteleza chini ya makoti yaliyoning'inia na kuibukia upande wa pili akiwa amekunja ngumi kwa furaha, bila kujua anajipongeza kwa lipi. Mwenye duka alitoka ofisini kwake, akatazama kidogo, akasema meza ya pasi isogezwe ukutani ili apate nafasi. Alikuwa mtu wa vitendo. Alikwisha kuona kwamba mashati yanatoka kwa wingi kuliko jana.

Jumamosi binti wa Mama Mvuke, aliyekuwa anauza dawa kwenye famasi, alikuja nyumbani akihema.

"Mama, nimekuona."

"Wapi?"

"Kule juu kwenye jengo la maduka, kwenye ukumbi wa gemu. Watu wanavaa miwani mikubwa inayoziba uso mzima, wanashika kijiti, wanacheza tenisi hewani. Sisi tuliosimama nje tunauona mchezo kwenye skrini ukutani. Kuna wapinzani kumi wa kuchagua. Wewe ni Namba Saba."

"Mimi?"

"Uso si wako. Uso ni wa dada mmoja mwembamba, mzuri kama kisanduku cha marashi. Jina pia ni lake. Lakini kabla ya kuanzisha anadunda mpira mara tatu, halafu anafuta kidevu begani. Mama, nani mwingine duniani anafuta kidevu begani?"

Mama Mvuke, aliyekuwa karibu kufungua mfuko wa unga, alifuta kidevu begani.

Ndipo alipowakumbuka wale wanaume wawili. Miaka ishirini na minane nyuma, kabla goti halijaharibika, alikuwa mchezaji wa tenisi, na magazeti yaliandika juu ya pigo lake la kuanzisha. Wanaume hao walikuja na nguo nyeusi ya kubana iliyoshonewa vitufe vyeupe, wakamweka katikati ya kamera nyingi kwenye ghala moja, wakamwambia aruke. Aliruka wiki mbili. Walisema ni utafiti. Walimpa begi na kofia, wakampa karatasi, akatia sahihi akiwa amesimama, kwa sababu nje mumewe alikuwa anapiga honi.

"Nilipiga mara moja tu," alisema mumewe kutoka kwenye kochi.

"Ulipiga kama una msiba," alisema Mama Mvuke.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Hakubisha tena. Aliinuka, akapima nyayo za mkewe kwa uzi, na kufikia Jumatatu alikuwa amemtengenezea jozi mbili za raba zenye soli nene, za kutua nazo.

Maisha yakajipanga. Familia ilijifunza kwamba wanafunzi wa shule za karibu wakitoka, saa tisa, Mama Mvuke hapewi kitu cha kuvunjika. Wanaojifunza walimchosha, maana mipira yao yote iliishia wavuni, naye alisimama tu akidunda mpira usiokuwepo na kungoja. Wajuzi walimfurahisha. Kulikuwa na mmoja, hakuwahi kumjua ni nani, aliyecheza kila siku wakati wa chakula cha mchana na kupiga mipira mirefu ya kona; huyo alimkimbiza kutoka kwenye mashine za kufulia hadi mlangoni na kumrudisha, na Mama Mvuke alikuwa akicheka njia nzima. Kule benki Mama Mvuke alirudisha mpira akiwa kwenye foleni na binti yake, na watu wanne mbele yao wakainama kwa pamoja, kwa adabu, kisha foleni ikaendelea. Mchezo ukikatika, goti lilirudi kuwa lilelile, na ngazi zikawa nane tena.

Siku moja aliruka kuanzisha, na huko mjini mchezaji akasimamisha gemu akaenda kula. Mama Mvuke akabaki hewani, kichwa kikiwa shubiri moja kutoka darini, mkono umeinuliwa. Alikaa hivyo dakika arobaini. Mkunjaji alimpandishia chai kwa ile fimbo ndefu ya kushushia henga za nguo.

"Unaona nini huko?"

"Juu ya makabati kuna vumbi la kupanda mchicha. Na soksi. Ngoja, ziko nyingi, shoga. Soksi zote tulizowahi kulaumiwa kuzipoteza ziko hapa."

Mkunjaji alicheka mpaka akakaa juu ya mashuka ya hoteli. Mama Mvuke naye alicheka, na kwa kuwa alikuwa hewani, alizunguka polepole kama feni inayokaribia kuzima. Alipozunguka hivyo aliona kwamba hakuwa amecheka namna ile tangu alipokuwa msichana, akapokea chai yake, akanywa.

Binti ndiye hakucheka. Alisoma maandishi yote nyuma ya boksi la gemu na jina la mama yake hakuliona, hata kwenye orodha ya walioshukuriwa, ambako alikuwemo mpaka mbwa wa mkurugenzi. Akaomba ruhusa famasi, akamchukua mama yake, wakaenda kwenye kampuni iliyotengeneza gemu.

Afisa wa mikataba alikuwa kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vibaya mabegani. Alisimama, akamwamkia Mama Mvuke kwa heshima, akamvutia kiti chenye mto. Kisha akafungua jalada na kuwageuzia ile karatasi. Sahihi ilikuwa yake, imeenda upande kama iliyoandikwa na mtu anayepigiwa honi. Juu yake palisemwa kwamba mchezaji ametoa miondoko yake yote, milele, kwa matumizi ya chombo chochote kilichobuniwa na kitakachobuniwa.

"Huyu dada wa usoni," aliuliza binti, "anajua kucheza tenisi?"

"Anajulikana sana," alisema afisa.

"Nimeuliza anajua kucheza?"

"Hapana. Lakini amepigwa picha vizuri akiwa na raketi."

Hapo mtu fulani mjini akapiga mpira wa juu, na Mama Mvuke akainuka kitini, akarudi nyuma hatua mbili, akapaa juu ya meza ya afisa na kuuchapa. Karatasi zikatawanyika. Afisa alingoja atue, akaziokota na kuzipanga kwa tarehe.

"Basi andikeni jina lake," alisema binti. "Hata kwa herufi za sisimizi. Pale chini, karibu na mbwa."

"Jina haliwezekani, dada. Nafasi ya jina ilishauzwa." Alionekana kusikitika kweli. "Ninachoweza ni kumwondoa. Nikituma ujumbe sasa hivi, kesho asubuhi Namba Saba hayupo tena kwenye gemu, na mama atatulia."

"Tuma," alisema binti.

"Na goti?" aliuliza Mama Mvuke.

Afisa alipitia karatasi tena, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. "Goti halimo kwenye mkataba, mama. Goti ni lako."

Mama Mvuke alitazama viatu vyake vya soli nene. Akatazama dirishani. Kisha akafuta kidevu begani.

"Mwache," alisema.

Kwenye lifti binti alilia kwa hasira, uso ameugeuzia vitufe.

"Wanakutumia, mama. Wanakutumia na hawakutaji."

"Najua, mwanangu."

"Sasa mbona umekubali?"

"Sijakubali. Nimesema wasiniondoe." Alimshika binti yake kiwiko. "Wewe hujanijua ninaruka. Ulizaliwa goti limeshaharibika. Mwezi huu umeniona. Hukufurahi hata kidogo?"

Binti alitafuta leso kwenye mkoba.

"Ile siku ya benki," alisema, akipenga kamasi. "Walivyoinama wote."

Wakaanza kucheka, na lifti ilipofunguka chini waliokuwa wanangoja iliwabidi wasubiri wamalize.

Mwezi uliofuata kampuni iliandaa mashindano. Kumbi zote za gemu zilishiriki siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi, na kwa kuwa Namba Saba alikuwa mgumu kuliko wote, ndiye aliyewekwa kwa kila mshindani. Mwenye duka aliondoa meza zote, akasukuma mashine ukutani. Mume wa Mama Mvuke alikaa pembeni na raba mpya nne za akiba na gundi. Mkunjaji alipanda kwenye kikapu cha nguo chafu kilichopinduliwa, akawa mwamuzi, ingawa mipira hakuiona. Aliamua kwa kutazama uso wa Mama Mvuke.

Wateja walikuja na mabunda yao na hawakuondoka. Walijaa mlangoni, wakajaa ngazini, na walio mbele waliwasimulia walio nyuma. Mama Mvuke alicheza na wawili kwa mpigo, kisha na kumi, kisha na kumi na tisa, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba kuna wakati aligusa ukuta wa mashariki kabla hajaondoka wa magharibi. Mvuke ulimtoka mabegani. Binti alifika saa nane na koti lake jeupe la famasi, akapenya hadi mbele, na alipomwona mama yake amelala hewani kama samaki anayeruka maji, alipiga kelele zilizowafanya wote wageuke.

"Huyo ni mama yangu! Mama yangu mzazi huyo!"

Fainali ilichukua mapigo sitini na mawili. La mwisho Mama Mvuke alilipiga akiwa ameupa wavu mgongo, katikati ya miguu. Akatua. Mkunjaji alimtazama usoni, akainua mikono yote miwili, na duka zima likalipuka. Mwenye duka alikuwa akikumbatiana na mtu aliyewahi kumshitaki kwa sababu ya suruali.

Redio iliyokuwa juu ya rafu ilitangaza saa kumi na moja na nusu kwamba Namba Saba hakushindwa na yeyote, ikataja jina la yule dada wa marashi, naye mwenyewe akahojiwa, akasema amefurahi sana. Watu dukani walisikiliza. Mwenye duka akapunguza sauti. Yule fundi viatu akapiga goti, akaanza kumfungua mkewe kamba za raba.

Wiki ile mafundi wawili walipandisha bango juu ya benki. Lilikuwa refu kama ghorofa mbili: mwili wa Mama Mvuke ukiwa hewani, uso wa mtu mwingine, jina la mtu mwingine. Mkunjaji alilitazama kupitia mlango wazi.

"Si wewe huyo?"

Mama Mvuke aliiegemeza pasi, akalitazama kwa makini kuanzia vidole vya miguu kwenda juu.

"Kiwiko wamekishusha," alisema. "Ungepiga hivyo mpira ungeingia barabarani."

Ilikuwa saa tatu, kumbi zilikuwa zimeshafunguliwa. Miguu yake iliachana na sakafu, akapanda taratibu na shati mkononi mpaka usawa wa dirisha la juu, na hapo wakatazamana, yeye na bango, barabara ikiwa katikati yao. Kisha mtu fulani mjini alirudisha mpira, ikambidi akimbilie kushoto.