Soli za Dawa

Asubuhi Mama Mdogo alikuwa akishuka kitandani kwa awamu. Kwanza alikaa ukingoni. Kisha aliteremsha mguu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu akangoja kidogo, maana hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote: kisigino kilipokea sakafu kana kwamba kimekanyaga msumari, na goti nalo halikubaki nyuma. Watoto watatu wa marehemu dada yake walikwisha kuzoea. Hawakumuuliza kitu, walimsogezea kiti tu.

Wao ndio walioanza kumwita Mama Mdogo, na kiwanda kizima kikalichukua jina. Kwa miaka tisa alisimama kwenye mstari wa kuku. Kuku wananing'inia kwenye kulabu, wanapita, yeye anakata mabawa, saa kumi nzima kila siku, juu ya saruji yenye maji, ndani ya buti nyeupe za mpira ambazo si zake. Buti ni mali ya kampuni. Zina namba, huoshwa kwa klorini, na kila jozi huvaliwa na watu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Mwenzake wa buti namba themanini na nne hakuwahi kumwona hata siku moja.

Daktari alimbonyeza kisigino mara moja tu, akamwona anavyoruka, akaandika barua: avae soli maalumu za kutia ndani ya viatu kila anaposimama. Fundi wa hospitali akamkanyagisha kwenye sanduku la sponji laini, mguu mmoja mmoja, unyayo ukabaki mle na kila bonde lake. Alisubiri miezi minne. Siku ya kuzichukua, fundi alimwonya.

"Dada, usiwe na pupa. Leo saa moja, kesho mbili. Mguu nao hufundishwa."

Akaufundisha nyumbani, akipika, akifua. Wiki ya tatu aliziingiza kiwandani, kazificha kifuani chini ya blauzi, kwa sababu sheria ya pale imeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: hakuna kitu cha nje kuingia kwenye ukumbi wa nyama. Hata pete ya ndoa huachwa getini.

Jamani, zilimfaa! Siku ya kwanza alidhani ni bahati tu. Siku ya tano alipanda ngazi za chumba cha kubadilishia nguo bila kupumzika katikati, na mkata mapaja, jirani yake wa mstarini, akamcheka.

"Huyoo, anarukaruka! Maskini akipata, matako hulia mbwata. Umeposwa nini?"

"Hebu niondokee," akasema, na furaha imemjaa mpaka shingoni.

Kila jioni alizitoa ndani ya buti na kuzirudisha kifuani. Mwanzoni kisigino kilikuwa bado kikiuma kidogo kazi inapokwisha, naye kwa maumivu hayo alikumbuka kuzitoa. Kisha kikanyamaza kabisa. Alhamisi moja kengele ililia, akavua buti, akaziweka kwenye rafu, akaenda zake nyumbani akiimba. Alizikumbuka soli wakati anawapakulia watoto chakula, na upawa ukamtoka mkononi.

Meneja hakuwa mtu wa makelele. Ijumaa asubuhi alimkaribisha kiti, akamwonyesha mfuko wa nailoni mezani. Soli zilikuwa ndani.

"Mwenzako wa usiku alidhani amekanyaga mfupa," akasema. "Kaja kunionyesha."

"Nisamehe, meneja. Ni soli za dawa. Daktari ndiye aliyesema..."

"Barua unayo?"

Akaingiza mkono kifuani.

"Ngoja kwanza, mama. Ukinipa hiyo barua, lazima niiweke kwenye faili lako. Ikishaingia kwenye faili, wewe ni mgonjwa wa miguu, na mgonjwa wa miguu siwezi kumsimamisha mstarini. Kazi ya kukaa, hapa hatuna." Alisema hivyo ameegemea kiti chake. "Mimi nakusaidia tu."

Mkono ukabaki pale pale. Akilini aliwaona watoto wote watatu kwa pamoja, wamekaa na sahani zao.

"Sina barua," akasema.

"Vizuri sana. Basi weka sahihi hapa, kwamba miguu yako ni mizima na vitu hivi huvihitaji. Halafu utembee mpaka dirishani urudi, nikuone. Ni utaratibu."

Akaweka sahihi. Akasimama, akatembea. Tangu alfajiri alikuwa bila soli, na kila hatua ilimpanda mpaka kwenye meno. Hakuchechemea. Alitabasamu.

"Tena. Haraka kidogo."

Akaenda tena, haraka. Machozi yalipomtoka alijifuta, akasema ni mafua.

"Si unaona? Miguu kama ya askari!"

"Naomba basi nizichukue, meneja. Nitavaa nyumbani tu."

"Hizo sasa ni kielelezo, mama. Nenda kazini, mstari umeshaanza."

Jumatatu soli zilikuwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na dirisha la kugawia buti, zimefungwa kwa waya chini ya maandishi: MFANO WA KITU CHA NJE. Wiki chache za kuvaliwa zilikuwa zimechapa vidole vyote vitano, na kisigino kimeacha shimo upande mmoja. Foleni ilipita hapo polepole.

"Mungu wangu, tazameni kisigino hicho!" mkata mapaja akapaza sauti. "Mwenye mguu huu lazima anatembea kama bata!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, watu wakaanza kuinama kuangaliana miguu. Mama Mdogo naye akacheka, akacheka kuliko wote, akaongeza kwamba si bata, ni bata mzinga. Kisha akapokea buti zake dirishani, akaingia kusimama.