Zulia la Mkubwa

Mimi na wifi yangu hatujagombana. Tunasalimiana, tunaulizana hali za watoto, harusi zikija tunachangia pamoja. Anayesema tumenuniana aje aniambie usoni, aache kunong'ona kwenye korido.

Wifi ni mke wa kaka yangu, tena ni mtafiti kwenye kituo cha kilimo ambako mimi ni katibu muhtasi wa Mkubwa. Kazi yake ni kuua magugu. Siyo kwa jembe, maana kwa jembe hata mimi naua. Siku moja aliona shambani gugu limeugua, majani yamejaa madoa. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake. Yeye akalichuma, akalileta maabara, na kwenye yale madoa akakuta kuvu. Akamfuga yule kuvu kwenye chupa, akamlisha supu ya viazi na sukari, miaka, mpaka kaka yangu akawa analalamika kwamba kuvu anakula vizuri kuliko yeye. Kuvu akishiba anatoa sumu yake kwenye ile supu. Wifi anaichuja, anaitia kwenye bomba, anapulizia. Gugu linalegea, linakauka, kwisha habari yake. Mahindi yaliyo pembeni hayana hata taarifa.

Gugu lenyewe wakulima wanaliita sing'oki, na jina limelikaa. Likiingia shambani mwako, heri uhame wewe.

Sasa sikiliza. Ili uue gugu kila wiki, lazima kila wiki uwe na gugu. Kwa hiyo nyuma ya maabara kulikuwa na banda ambamo sing'oki ilikuwa inalelewa kama mtoto wa tajiri. Maji asubuhi, maji jioni, mbolea, jua likiwa kali inawekewa kivuli. Shambani sing'oki ni kitu kikavu chenye vinywele, kinakwaruza miguu. Ilishe vizuri uone! Inanenepa, inang'aa, inatambaa chini laini kabisa, halafu inatoa maua madogo ya manjano. Mimi mwenyewe nilipoiona mara ya kwanza nilisema, "Wifi, ua hili umelitoa wapi?" Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Mkubwa hakuwa na mtu wa kumcheka. Siku aliyopita bandani alisimama, mikono kiunoni, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ua zuri namna hii mnalificha huku nyuma? Lihamishieni mbele ya dirisha langu."

Mtunza bustani akamtazama wifi. Wifi akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vya Mkubwa. Pale kwetu Mkubwa akisema ni ua, basi ni ua. Na mkataba wa wifi ulikuwa karibu kwisha, wa kuuongeza ni yeye huyo huyo. Funika kombe mwanaharamu apite. Likapandwa.

Akaliita Zulia la Dhahabu. Wageni wakija wanapigwa picha pale. Mfagizi alipokanyaga ukingo kwa bahati mbaya alifokewa kama ameiba. Sing'oki ikaanza kupanda ukuta, ikaziba mfereji, Mkubwa anafurahi tu: "Mnaona inavyotupenda?" Inatupenda, ndiyo. Ilikuwa imebakiza kuingia ofisini kuomba kazi.

Ndipo bodi ikatangaza inakuja. Wajumbe wangeitazama dawa ya wifi na kuamua: ikipita, inatengenezwa kwa wingi na kupelekwa kwa wakulima, isipopita, mradi unafungwa, chumba kinapewa watu wa mbegu. Wifi alikonda. Alikuwa akija mezani kwangu kunywa chai, anaiacha inapoa.

Siku yenyewe wajumbe wakapangwa nje mbele ya ofisi, wakiongozwa na Mama Mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Wifi alieleza vizuri, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba dawa inaua gugu moja tu. Angeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Mkubwa hawezi kuona watu wanasikiliza mtu mwingine.

"Wajumbe," akasema, "maneno matupu hayavunji mfupa. Mimi nina uhakika na dawa hii kiasi kwamba naipulizia kwenye bustani yangu mwenyewe!"

Wifi akasema, "Mkubwa, samahani, pale..."

"Tulia, binti. Leta bomba."

Akalibeba mgongoni, tai na kila kitu, akapulizia Zulia lote la Dhahabu pamoja na mawaridi yaliyolizunguka. Wajumbe wakapiga makofi. Mtunza bustani akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Kikao chao kilikuwa cha siku mbili. Asubuhi ya kuondoka wakatoka nje kupiga picha ya pamoja, na mimi nyuma yao nimebeba mikoba. Lo! Zulia lilikuwa limekufa lote. Limelala kahawia, linanuka kama majani ya chai yaliyosahaulika kwenye birika.

Mama Mwenyekiti akavua miwani. "Hii ndiyo dawa isiyogusa kitu kingine?"

Mkubwa hakupepesa hata jicho. Akamgeukia wifi. "Daktari, si wewe ulinihakikishia kwamba ni salama?"

Jamani, nilisikia damu inachemka. Wifi alisimama na koti lake jeupe, mikono mifukoni, watu wote wakimtazama. Nikaona midomo yake inatetemeka, inafunguka. Namjua wifi yangu, nikajua huyo anaangua kilio. Akilia pale, mradi umekwenda. Sikungoja.

"Mama Mwenyekiti," nikasema, "tuwieni radhi, Mkubwa wetu anapenda utani. Hayo si maua. Ni sing'oki. Aliipanda hapa makusudi, mwione ikiwa hai na mwione ikiwa maiti. Tazameni mawaridi! Yamepuliziwa siku ileile, kuna jani lililojikunja?"

Mama Mwenyekiti akainama, akavuta shina moja, akalisugua kwa vidole. "Haki ya Mungu, ni lenyewe! Limenenepa vipi hili shetani?" Akacheka, wenzake wakacheka.

Mkubwa alinitazama. Nilimpa ngazi, na yule mtu ngazi haimpiti. "Utafiti unataka kujitoa," akasema, akiweka mkono kifuani. "Nimekaa na adui dirishani kwangu miezi yote hii, nikimsoma."

Dawa ikapita palepale. Leo iko madukani, wakulima wanaisifu, na kwenye chupa kuna picha ya Mkubwa amesimama juu ya gugu lililokufa. Anaalikwa kwenye makongamano kuzungumzia kuvu, ambaye mpaka leo anamwita bakteria. Wifi aliongezewa mkataba. Kwenye taarifa ya bodi ameandikwa msaidizi.

Chupa ya kwanza nilinunua mimi. Nikaipeleka kwa kaka Jumapili, nimechangamka, nikijua nitashukuriwa. Wifi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Akaishika chupa, akaisoma mbele na nyuma, akaiweka karibu na sinki.

"Wifi, ungeniacha," akasema.

"Nikuache uumbuke mbele ya watu?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Ulikuwa unataka kulia."

"Nilikuwa nataka kusema." Hakupandisha sauti. Vitunguu vilimtoa machozi, akayafuta kwa kiwiko. "Tangu lipandwe kwenye bustani yake nilikuwa natafuta moyo wa kumwambia yule mzee, hili ni gugu, hii ni dawa, na dawa ni yangu. Siku ile niliupata. Neno lilikuwa limefika hapa." Akagusa mdomo wa chini. "Wewe ukaniwahi."

Mimi mtu wa majibu. Kazini wananiita Redio. Siku ile nilichukua kitambaa, nikafuta sinki ambalo halikuwa na uchafu, na iliniuma vibaya sana, maana nilichofanya nilikifanya kwa kumpenda.

Kaka akaingia, akauliza chakula. Wifi akasema kiko tayari, karibuni mezani. Miaka yote katika nyumba ile nimekula kwenye sahani yoyote iliyo karibu, hata ya mtoto. Siku ile wifi alinawa mikono, akafungua kabati, akanitolea sahani ya wageni.