Simu Imeambiwa na Nani?

Walimwita Mzee Kipaza, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka vizuri isipokuwa dada yake. Kabla ya kustaafu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Ndiye aliyeketi katika kile chumba kidogo juu ya dirisha la tiketi, akawaambia watu treni ipi inaingia, ipi imechelewa, na mtoto wa nani amepotea analia karibu na choo. Abiria waliijua sauti yake kuliko uso wake. Alipostaafu, nyumba ilikuwa kimya mno kwake. Akatangaza chakula kikiwa tayari, akatangaza mvua, hata paka akiingia jikoni alitangaza, mpaka mkewe, siku hizo yungali hai, akamwambia, "Mume wangu, hapa abiria ni mimi peke yangu, na sisafiri."

Basi binti yake, ambaye ni muuguzi, alipomnunulia simu ya kupangusa na kumwingiza katika kundi la ukoo, ilikuwa kama amerudishiwa kiti chake. Zamani alikuwa akisema simu hizi zinaharibu watoto. Hakukawia kubadili kauli, na tusimcheke bure, kwa sababu faida aliiona kwa macho. Mjukuu wa kaka yake alizaliwa ng'ambo asubuhi, na kabla ya adhuhuri ukoo mzima ulikuwa umeshabishana ile pua kaitoa wapi. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikaa muda mrefu bila kazi. Akaja kupata udereva wa lori kwa tangazo ambalo Mzee Kipaza mwenyewe aliliona mtandaoni akamtumia. "Bila mjomba," kijana alizoea kusema, "ningekuwa bado nahesabu boriti za dari kwa mama."

Sifa ile ilimwingia. Tangu hapo ilikuwa lazima kila habari ipitie kwake, na ipitie kwake kwanza. Mwingine akimtangulia, siku hiyo chai haikumshuka vizuri.

Jumamosi moja asubuhi, akiwa mezani, iliingia video kutoka kwa wastaafu wenzake. Lori jekundu limelala ubavu mtaroni, kichwa kimebondeka, watu wamelizunguka. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na maandishi meupe: TUTAFIKA TU. Mpwa wake aliendesha lori jekundu, na maandishi yake yalikuwa hayohayo.

Yeye hakuwa mtu wa kukurupuka, au ndivyo alivyojiona. Alivaa miwani. Akaitafuta picha ambayo mpwa aliituma mwezi uliopita, ameegemea bampa anacheka. Akalinganisha namba za gari, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa zilezile. Akampigia kijana, simu haipatikani. Akapiga tena, yule mwanamke asiyechoka akamrudia maneno yaleyale.

"Basi," alisema peke yake. "Imekwisha."

Akaketi kuandika taarifa ya kundi la ukoo. Na hapa ndipo penye jambo lililokuja kumchoma kuliko yote. Alilia, ndiyo, mpwa yule alimpenda. Lakini huku machozi yakimtoka alifuta neno "amekufa" akaweka "ametutoka", akaona limekaa vizuri zaidi. Akatia mkato baada ya "kwa masikitiko makubwa". Akaisoma kwa sauti ya chini, ile ya stesheni. Na alipoituma akaona hakuna aliyemtangulia, kitu kidogo kifuani mwake kilifurahi. Kidogo sana, kama punje ya mchanga. Lakini kilifurahi.

Dada yake hakuwamo katika kundi. Yeye alikuwa na kisimu cha vitufe ambacho kilijua kupiga na kupokea tu. Mzee Kipaza alikusudia kwenda mwenyewe ampe habari ana kwa ana, polepole, kama inavyostahili. Akaoga, akaanza kupiga pasi shati jeusi. Lakini rambirambi zilikuwa zikimiminika, na kila simu ilipolia alisimama kuisoma. "Pole sana mzee wetu. Bila wewe tungejuaje?" Hiyo aliisoma mara mbili, pasi mkononi.

Maji yalikwisha kumwagika alipofika. Makochi ya dada yake yalikuwa yametolewa nje, uani, na jirani mwenye viti vya kukodisha alikuwa anavishusha kutoka kwenye mkokoteni. Wanawake walikuwa wanaingia wameshika vichwa. Katikati ya yote alisimama dada yake mbele ya beseni, mikono ina povu mpaka viwikoni. Alikuwa anafua mashati ya kazi ya mwanawe.

"Wanatoa makochi yangu," alimwambia. "Nauliza mnayapeleka wapi, hakuna anayenijibu. Ndipo huyu akanikumbatia, eti pole." Alimnyooshea kidole mke wa binamu yao. "Pole ya nini?"

"Dada, kaa kwanza."

"Makochi yako nje, nikae wapi? Mwanangu kafanya nini?"

"Dada... kazi ya Mungu haina makosa."

Hakupiga yowe. Alikaa palepale, kwenye saruji iliyolowa, akamtazama mdogo wake kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Nani amemwona?"

"Iko kwenye simu, dada."

"Nauliza nani amemwona. Wewe umemwona?"

"Nimeona gari."

"Polisi wamekupigia? Tajiri wake amekupigia?"

"Bado."

Akamgeukia mke wa binamu. "Na wewe umeambiwa na nani?"

"Na simu, wifi."

"Na simu imeambiwa na nani?"

Mke wa binamu alimtazama Mzee Kipaza. Mwenye viti naye, kiti mkononi, alimtazama Mzee Kipaza. Wakati huohuo simu yake ikalia. Alikuwa binti yake, muuguzi.

"Baba, uko na shangazi?"

"Niko naye."

"Umeshamwambia?" Mzee Kipaza akayatazama makochi. "Baba, ile video ni ya zamani. Nimeitafuta mtandaoni nimeikuta, iliwekwa miaka minne iliyopita, na maelezo yake yote yako chini. Aliyekufa ni dereva mwingine kabisa. Gari likatengenezwa likarudi barabarani."

"Lakini namba..."

"Namba ni zake, Baba. Tarehe je? Ulitazama tarehe?"

Mtu aliyekula mshahara wa kutangaza saa maisha yake yote, ambaye kinywani mwake treni ya saa mbili haikuwahi kuitwa ya saa tatu, hakuwa ametazama tarehe.

"Sasa kijana yuko wapi?"

"Sijui. Nawapigia ofisini kwao. Subiri."

Simu ikakatika. Mzee Kipaza akachuchumaa mbele ya dada yake. "Dada, huenda... huenda si yeye."

"Huenda?" Dada yake alimshika ukosi wa lile shati la pasi. "Mwanangu sasa amekuwa huenda?"

Walikaa hivyo, mkono wenye povu shingoni mwake, watu wakitazama, mpaka simu ilipotoa mlio mwingine. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, imetumwa kundini. Aliibonyeza.

"Jamani, nawasha simu nakuta nimekufa!" Alikuwa kijana mwenyewe, na kwa nyuma injini inanguruma. "Nilikuwa bondeni huku, hakuna mtandao. Mimi mzima, nakula chapati. Tafadhali, mama asiambiwe, mnaijua presha yake. Mjomba, umeniua mchana kweupe! Ila hili gari, mbona tajiri aliniapia halijawahi hata kukwaruzwa? Mimi na yeye tutazungumza."

Dada yake aliichukua ile simu mkononi mwake.

"Nabonyeza wapi irudie?"

Alimwonyesha. Akaisikiliza tena, na tena, sikio limegandamizwa kwenye kioo. Uani watu walianza kupumua, mmoja akashukuru Mungu, mwingine akacheka kwa pua. Kisha ujumbe mwingine ukaanza kupita juu ya kioo, na dada yake, ambaye husoma polepole na kwa midomo, akausoma kwa sauti bila kukusudia.

"'Mzee Kipaza... leo... treni gani imeua?' 'Mzee, na tanzia yako... utaitangaza mwenyewe?'"

"Mzee," akadakia mwenye viti, "hivi viti nivirudishe, au tumsubiri mwingine?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza walipomwona mama mtu hacheki.

Mzee Kipaza alihisi masikio yanawaka moto. Akatafuta pa kushika. "Lakini dada, namba zilikuwa zilezile, nilihakiki. Na umemsikia mwenyewe. Kama si ile video, asingejua kwamba gari lile..."

Dada yake aliinua macho. Povu lilikuwa limekauka mikononi mwake likaacha michirizi myeupe, na Mzee Kipaza alipoiona michirizi ile maneno yakamwishia.

"Ulipoiona, kwa nini hukuja kwangu?" aliuliza dada yake.

Angeweza kusema alikuwa njiani. Angeweza kusema mambo mengi.

"Nilitaka niwe wa kwanza."

"Wa kwanza kumwambia nani?"

"Watu."

Dada yake akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa bei. "Hapa panapojibiwa ni wapi?"

"Pale kwenye kialama cha maikrofoni. Unashikilia."

Akashikilia, akamsogezea simu mdomoni. "Waambie hivyohivyo ulivyoniambia."

"Dada, nitaandika nyumbani, niipange vizuri..."

"Usiipange."

Sauti iliyokuwa ikijaza stesheni nzima ilitoka kama ya mtu mwenye kiu. "Ndugu zangu. Mtoto yuko hai. Nilituma bila kutazama ni lini. Sikumuuliza mtu, na mama yake sikumwambia. Nilitaka kuwa wa kwanza. Nisameheni." Dada yake akaachia kidole, na maneno yakaenda yalivyo.

Simu hakumrudishia. Aliitia mfukoni mwa gauni lake. "Itakaa hapa mpaka mwanangu aingie mlango huu. Na mkimaliza mnitafutie kama hii, mniunganishe na mimi huko. Siwezi kuwa wa mwisho kuambiwa habari za tumbo langu."

"Sawa, dada."

"Makochi yangu yarudi ndani."

Alikunja mikono ya shati jeusi akashika upande mmoja wa kochi refu, mwenye viti akashika wa pili. Mzee Kipaza ndiye aliyeingia kinyumenyume. Dada yake alisimama kizingitini akielekeza: inua, kushoto, taratibu na ukuta. Maagizo yote alimpa mwenye viti. Mzee Kipaza naye aliyafuata.